Oili ipande kwanza: krenki ya Hilux yangu ilivyochongwa mara mbili

Krenki ya Hilux yangu, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imechongwa mara mbili ndani ya msimu mmoja wa viazi. Mara ya kwanza ilikuwa haki yake. Injini ya 3L, dizeli ya silinda nne, ilikuwa imebeba magunia kwa miaka kutoka Isongole kuja Uyole na Mwanjelwa, hapa Mbeya. Ikaanza kula oili, ikatoa moshi wa bluu, mwisho ikawa inagonga chini kila nikipanda mlima na mzigo. Mara ya pili haikuwa haki hata kidogo. Injini ilikuwa imetoka kufungwa upya, ina beringi mpya, ringi mpya na pampu ya oili mpya, na iliharibika ndani ya dakika za mwanzo tu za kuwashwa, gari likiwa halijavuka geti la gereji. Iliharibika kwa sababu hakuna aliyepandisha oili, yaani kuisukuma ifike kwenye beringi zote, kabla ya kuiwasha.

Mimi si fundi, nanunua viazi mashambani na kuviuza sokoni. Haya ninayoeleza nimeyaona na kuyashika, na mengi nimefundishwa na mzee aliyeifunga injini ile mara ya pili. Nayaandika kwa ajili ya mwenye gari ambaye kesho atapigiwa simu na kuambiwa, "Bosi, injini iko tayari, njoo tuwashe." Siku hiyo ndiyo inayoamua kama fedha yako imekaa ndani ya injini au imekwenda na upepo, na mwenye gari ana haki ya kusimama pale na kuuliza maswali kabla ufunguo haujazungushwa.

Tulipoishusha mara ya kwanza, kazi ilikuwa kubwa: kuchonga krenki kwa saizi ya 0.25 (kuipunguza milimita 0.25 ili ivae beringi nene zaidi), kubadilisha slivu za silinda, pistoni na ringi, kusaga hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kununua pampu, gasketi na mkanda wa taimingi. Ukijumlisha na ufundi, ilizidi milioni mbili. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa VICOBA alioubeba mke wangu, akadhaminiwa na kina mama wenzake. Naitaja fedha hiyo kwa sababu injini ya gari la biashara haiharibiki peke yake. Inaharibika pamoja na marejesho ya kila wiki.

Fundi alifunga sehemu ya chini vizuri kwa jinsi nilivyoona. Akapaka oili ya kawaida kwenye beringi kwa kidole, akakaza. Kisha tukakwama: kuna spea iliyokuwa inatoka Dar es Salaam, na injini ikakaa sakafuni wiki kadhaa ikisubiri. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, na wala hakuna aliyelifikiria. Oili nyepesi iliyopakwa kwenye chuma haikai palepale. Inateremka kidogo kidogo mpaka inaishia kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, na juu inabaki kama unyevu tu. Siku injini inapandishwa kwenye gari, beringi zilikuwa karibu kavu, pampu ilikuwa kavu, filta ilikuwa kavu, na mifereji yote ya ndani ya bloku, bodi kuu ya injini, ilikuwa na hewa tupu.

Ilikuwa asubuhi ya Juni, na anayeijua Mbeya anajua baridi ya Juni ikoje, hasa upande huu wa Uyole. Oili iliyomiminwa ilikuwa SAE 40, ile yenye namba moja tu ya uzito, ambayo kwenye baridi inakuwa nzito na kutembea taratibu. Betri ilikuwa imechoka na injini mpya ilikuwa ngumu kuzunguka, stata ikagoma. Basi wakafunga kamba nyuma ya Canter, wakavuta, gia ya pili, klachi ikaachiwa. Injini ikashika. Moshi ukatanda, watu wakashangilia, fundi akakanyaga mafuta ili isizime.

Taa ya oili ilikuwa inawaka nyekundu. Nikamwonyesha. Akanijibu, "Itazima tu bosi, oili bado inapanda. Pampu ni mpya hiyo." Akaongeza mafuta ili pampu izunguke haraka zaidi. Kweli taa ikazima baada ya muda, lakini mlio wa chini ulikuwa umeshaanza, mkavu, unaofuata mwendo wa injini. Nikaambiwa itazoea. Haikuzoea. Jioni ileile tulijua imenoki, beringi zimekufa.

Tulipofungua sampu na kutoa vifuniko vya koni-rodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, beringi hazikuhitaji mtaalamu kuzisoma. Beringi ya namna ile ina mgongo wa chuma, juu yake aloi laini, na juu kabisa tabaka jembamba sana linalokutana na krenki. Zetu zilikuwa zimekwanguliwa hadi rangi ya shaba ikaonekana. Moja ilikuwa imezunguka ndani ya kiti chake, na krenki mahali pale ilikuwa na mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha na rangi ya bluu ya kuungua. Usiku ule sikulala. Mke wangu aliniuliza jambo moja tu, kama kina mama waliomdhamini nao wataingia kwenye hasara hii. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mgogoro uliofuata sitaurefusha. Fundi alisema krenki ilichongwa vibaya. Waliochonga wakasema ufungaji ndio mbaya. Kila mmoja alikuwa na maneno, hakuna aliyekuwa na fedha. Jambo moja nililolibeba pale: kabla ya kazi, andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, nani anahusika kama injini itanoki kwenye kuwashwa mara ya kwanza, na iandikwe kwamba haitawashwa mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji. Fundi mzuri hatakataa sharti hilo. Akikataa, umeshapata jibu lako kwa bei nafuu.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja, mstaafu wa reli ya TAZARA, anayefunga injini chache tu nyumbani kwake, moja baada ya nyingine. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alizishika zile beringi, akazigeuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Mwanangu, walipandisha oili?" Nikamwambia waliimimina. Akatikisa kichwa. "Kumimina ni kuweka kwenye sampu. Mimi nauliza ilifika juu?" Kisha akanieleza kwamba injini kubwa za treni zina pampu yake maalumu ya kutanguliza oili. Huwezi kuizungusha injini kabla pampu ile haijafanya kazi na geji haijaonyesha presha. "Sasa kama injini ya treni inasubiriwa, hii yako ndogo kwa nini isisubiriwe?"

Alinieleza kwa nini, na nimeona kila aliyeelewa sababu hii hahitaji kukumbushwa tena. Krenki haikai juu ya beringi, inaelea juu ya utando wa oili. Nafasi kati ya vyuma hivyo viwili ni ndogo mno, kwa kawaida kama milimita 0.03 hadi 0.06. Oili ikiwa imejaa pale na krenki inazunguka, vyuma havigusani kabisa. Oili isipokuwepo, chuma kinasugua chuma, na injini mpya ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu kila kitu kimebana na nyuso zake bado hazijazoeana. Sekunde ishirini za namna hiyo zinatosha kuanza uharibifu ambao mwezi mzima wa oili nzuri hauwezi kuurudisha.

Na pampu haiwezi kuokoa hali peke yake. Inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo injini isipozunguka hakuna presha. Tena pampu ya gia ikiwa kavu haina nguvu ya kuvuta. Oili ndiyo inayoziba zile nafasi ndogo kati ya meno na bodi ya pampu. Bila hiyo inazungusha hewa tu. Ikishaanza kuvuta, bado ina safari: kutoka chujio lililo ndani ya sampu, kupitia pampu, kujaza filta ambayo peke yake inameza oili nyingi, kuingia mfereji mkuu wa bloku, kwenda beringi za meni zinazobeba krenki, kupita ndani ya matundu ya krenki hadi koni-rodi, na kupanda hadi kemshafti, shafti inayofungua valvu, kwenye hedi. Wakati oili inasafiri hivyo, injini iliyovutwa kwa kamba inazunguka mamia ya mizunguko kwa dakika na milipuko inapiga pistoni kwa nguvu zote.

Krenki ikachongwa tena, sasa saizi ya 0.50. Hapo nilielewa hasara nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Krenki ina unene wa kuchongwa mara chache tu, kisha beringi za saizi yake hazipatikani na inabidi utafute krenki nyingine. Ule uzembe wa asubuhi moja ulikula maisha ya krenki ambayo yangenitumikia miaka.

Mzee hakuanza na oili, alianza na usafi, na alitumia muda mwingi hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Baada ya kuchonga, unga wa chuma unaingia kwenye mifereji ya bloku na matundu ya krenki, na ukipandisha oili juu ya uchafu huo unausafirisha moja kwa moja hadi kwenye beringi mpya. Aling'oa plagi zote za mifereji, akapitisha brashi ndefu nyembamba kwenye kila tundu, akaosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, akapuliza kwa kompresa, akarudia. Kipimo chake kilikuwa kitambaa cheupe: akifuta ndani kikatoka na weusi, anarudi mwanzo. Hakutumia tambara linaloacha nyuzi. Silikoni aliipaka kama uzi mwembamba, kwa sababu ile inayobinyika kwa ndani ikikauka hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu. Nimeona gereji nyingi wanaipaka kama wanapiga plasta ukuta, na mwenye gari anafurahi kwamba haitavuja.

Kwenye beringi na kemshafti hakupaka oili ya kawaida. Alitumia mafuta mazito ya kufungia injini, yanayonata na hayateremki hata injini ikikaa wiki. Ukiyakosa, afadhali usiifunge sehemu ya chini mpaka spea zote ziwe mkononi, ili ifungwe na kuwashwa bila kulala sakafuni. Pampu ya oili aliifungua ingawa ilikuwa mpya. Akajaza Vaseline kati ya gia hadi nafasi yote ikaisha. Nilimuuliza kwa nini si grisi. Akasema Vaseline inayeyuka ikikutana na oili ya moto na kupotea, grisi ya beringi za magurudumu inabaki mabonge na inaweza kuziba njia. Ile Vaseline inafanya pampu iwe imezibwa tangu mzunguko wa kwanza, ivute oili badala ya hewa.

Filta aliisimamisha juu ya meza, akaijaza oili, akasubiri inyonywe na karatasi ya ndani, akajaza tena, na tena. Kwenye gari ambalo filta inakaa kwa kulala utamwaga ukiijaza yote, basi iloweshe na uiache na kiasi ambacho hakitamwagika. Kabla ya kuifunga alipitisha kidole pale inapokaa kuhakikisha raba ya filta ya zamani haijabaki. Raba mbili zikikutana, presha ikipanda oili yote inaruka nje.

Sasa tukafika kwenye kazi yenyewe. Swichi ya taa ya oili imefungwa kwenye tundu linaloingia moja kwa moja kwenye njia ya presha. Ukiitoa, una mlango wa kuingizia oili kutoka nje. Mzee alinituma nikanunue bomba dogo la kupulizia dawa, lile la lita chache unalolijaza upepo kwa kusukuma mpini wa juu. Alisisitiza liwe jipya kabisa. Sisi wa viazi tuna mabomba nyumbani kila kona, lakini yamebeba sumu za ukungu na maji yake, na hutaki chembe ya vitu hivyo ndani ya injini. Tukatoa ncha yake, tukafunga mpira kwa klipu, na fundi wa kukereza akatutengenezea nipeli ya shaba ya kuingia kwenye tundu la swichi.

Hapo kwenye nipeli pana mtego. Uzi wa swichi za oili za Toyota ni wa inchi 1/8 wenye meno 28 kwa inchi. Nipeli na geji nyingi zinazouzwa ni za uzi wa Kimarekani, 1/8 pia, lakini meno 27. Zinaanza kuingia vizuri, kisha zinabana, na anayelazimisha anaharibu uzi wa bloku. Nenda kwa fundi wa kukereza na swichi yenyewe mkononi.

Oili tuliipasha kwa kuweka galoni lake ndani ya ndoo ya maji ya moto, maana kwenye baridi ya huku bomba lile lingesukuma kwa shida. Mara hii tulitumia 15W-40 badala ya ile yenye namba moja, kwa kuwa hii haiwi nzito hivyo kwenye baridi. Tapeti kava, kifuniko cha juu ya hedi, ilikuwa imefunguliwa ili tuone juu. Shemeji akawa anapampu, mimi nikapewa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, nizungushe robo, nisubiri, nizungushe robo, kila mara upande ambao injini inazunguka kawaida. Kuzungusha si pambo. Matundu ya krenki yanakutana na ya beringi kwa zamu, na krenki ikisimama sehemu moja, koni-rodi fulani haipati kitu hata ukipampu hadi jioni.

Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Kwanza tukasikia oili inadondoka ndani ya sampu, sauti ndogo, dalili kwamba imepenya kwenye beringi za chini. Tukaendelea. Kisha ikachomoza kwenye beringi ya mbele ya kemshafti, ikang'aa, ikafuata ya pili, na kadhalika hadi ya nyuma kabisa. Mzee hakuturuhusu kuacha mpaka ya nyuma imelowa. Mimi niliyekuwa nimeikodolea macho taa nyekundu miezi michache nyuma, kuona oili imefika kule juu injini ikiwa imelala kimya kulinipa nafuu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Baada ya hapo tulipima kwa dipstiki, kwa sababu oili yote iliyopita kwenye bomba imeishia kwenye sampu, na usipopunguza utajikuta umezidisha.

Wengine wataniuliza kuhusu zile video za Wamarekani wanaozungusha pampu kwa drili kupitia tundu la distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Inafanya kazi kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na shafti ya distributa, kama zile V8 za zamani za Chevrolet. Kwenye injini ambayo pampu inaendeshwa kutoka mbele ya krenki hakuna pa kuingiza drili.

Kesho yake ikawa zamu ya stata, bado bila moto. Tulitoa gloo plagi zote nne, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha, ili kusiwe na kompresheni. Injini inazunguka kwa wepesi, stata haiteseki, na beringi hazibebi mzigo. Kabla ya kuzitoa, puliza kwa upepo kuzizunguka, mchanga usidondoke ndani ya silinda. Waya wa umeme wa gloo plagi tuliufunga kwa utepe usiguse bodi. Waya wa soleinoidi, swichi ya umeme inayofungua dizeli kwenye pampu yake, tukauchomoa, ili mafuta yasiingie. Kwa injini ya petroli ungetoa plagi, ukakata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta. Kwenye tundu la swichi tukafunga geji ya presha ya sindano, na betri tukaazima iliyojaa.

Stata hupigwa sekunde kumi, isizidi kumi na tano, kisha unaiacha ipoe kama dakika moja. Mara ya kwanza sindano ilitikisika tu. Tukapumzisha. Tulipopiga tena ikapanda na kusimama karibu na paundi 30, takribani bar 2, na hii ni kwa mwendo wa stata tu. Mzee akasema, "Sasa ina damu." Tukarudia kidogo tukihakikisha inapanda upesi, na kuangalia kama kuna mahali panavuja.

Isingepanda, tusingeendelea kupiga stata tukiomba Mungu. Alinitajia anapoangalia: raba ya bomba la kunyonyea ndani ya sampu, ambayo ikiwa imekatika pampu inanyonya hewa, plagi ya mfereji iliyosahaulika wakati wa kuosha, valvu ya kupunguza presha iliyonasa ikiwa wazi, na gia za pampu zilizowekwa vibaya. Yote hayo yanarekebishika kwa gasketi moja na jasho, ilimradi injini haijawashwa.

Jambo lingine dogo la dizeli hizi za Toyota ambalo linasahaulika: oltaneta ina pampu ya vakyumu ya breki nyuma yake, na pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini kupitia mpira. Nayo inakuwa kavu baada ya kufunguliwa. Mzee alidondoshea oili kwenye njia yake kabla ya kuunga mpira.

Kuwasha kwenyewe kulikuwa kwepesi. Gloo plagi zikarudi, waya wa soleinoidi ukarudi, rejeta ikajaa maji, hewa ya dizeli ikatolewa kwa pampu ya mkono. Geji iliachwa palepale, na mtu mmoja kazi yake ilikuwa kuitazama geji tu, mkono mwingine ukiwa tayari kuzima. Makubaliano yalikuwa kwamba sindano isiposimama ndani ya sekunde chache, tunazima bila mjadala. Ikashika, na sindano ilikuwa imeshapanda kabla mlio haujatulia. Hakuna aliyekanyaga mafuta kwa fujo. Tuliiacha kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, tukaangalia joto na uvujaji, tukazima, ikapoa, tukakagua tena.

Taa ya oili peke yake msiitegemee kama kipimo cha afya. Inazima kwa presha ndogo sana, kwa magari mengi chini ya bar 0.5. Injini inaweza kuwa na taa iliyozima na beringi zinazokufa. Kwa Toyota nyingi za aina hii kiwango cha kitabu injini ikiwa moto ni angalau kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba (kilo moja ni karibu sawa na bar 1) ikiunguruma bila kukanyagwa, na 2.5 hadi 6.0 kwa mizunguko 3,000. Ndiyo maana nimeiacha geji yangu ndani ya gari moja kwa moja, pembeni ya usukani.

Siku zilizofuata sikuiacha iungurume kwa muda mrefu ikiwa imesimama, maana ringi zinahitaji mzigo wa wastani ili zikae kwenye silinda. Barabara ya Tukuyu ilifaa: gari tupu, kisha magunia machache, napanda bila kuilazimisha, naachia nikishuka. Oili ya kwanza ilimwagwa mapema, baada ya kilomita mia chache, pamoja na filta. Mzee aliikata filta kwa patasi kwenye ukingo, akakataa msumeno kwa sababu unaacha unga wa chuma utakaokudanganya. Ndani tulikuta vipande vidogo vya silikoni na mng'ao mwembamba wa chuma, ambao aliuona ni wa kawaida kwa injini mpya. Kama tungekuta chembe za rangi ya shaba au vipande vinavyoshikika, tungefungua sampu siku hiyohiyo.

Gharama za kupandisha oili, ukitoa oili yenyewe ambayo ungeinunua vyovyote, hazikufika hata laki moja: bomba, kopo la Vaseline, nipeli ya kukereza, klipu, na geji ambayo bado ninayo. Muda ulikuwa siku moja na nusu. Upande wa pili ni krenki kuchongwa tena, beringi, gasketi, filta, oili iliyomwagwa, ufundi mwingine, na msimu wa viazi ambao wenzangu waliuza wakati mimi nalipa marejesho kwa kuuza mbuzi. Mkopo umekwisha sasa. Waliotudhamini hawakupoteza kitu, ingawa kwa muda mke wangu alikwenda kwenye vikao akiwa ameinamisha kichwa, na hilo lilinichoma kuliko fedha.

Kwa aliye na injini iliyofungwa tayari lakini imelala stoo, au gari lililofungwa na kusimama miezi kwa kukosa spea au fedha: ichukulie kama kavu, hata kama mlishapandisha oili siku ya kufunga. Badilisha filta kwa iliyojazwa, toa gloo plagi au plagi, kata mafuta, unga geji, na piga stata kwa vipande vifupi mpaka sindano isimame. Na kama betri haina nguvu, chaji betri au azima. Kamba ya kuvutia iacheni kwenye gari lingine.